Galaksi kubwa inairaruaje galaksi ndogo, ilhali nyota zake hazigongani?

Nahodha wa Shela

Asalaamu alaykum. Mimi ni mtu wa jahazi hapa Lamu, na wakati wa kaskazi kazi hunikesha nje ya bandari, mahali ambapo taa za mji hazifiki. Kuanzia Desemba hadi Februari, upande wa kusini, kama robo ya njia kutoka upeo wa bahari kwenda utosini, huonekana mabaka mawili meupe ambayo hayatawanywi na upepo kama mawingu, bali huchomoza na kutua pamoja na nyota. Mgeni mmoja niliyemchukua chomboni aliniambia kwamba hayo ni galaksi mbili ndogo, yaani Mawingu ya Magellan, na kwamba galaksi yetu ya Njia Nyeupe inazirarua na mwishowe itazimeza. Nimesoma habari hizo baadaye, lakini mambo mawili hayajaniingia akilini.

La kwanza, ninaambiwa kwamba nyota zimeachana mno, hata galaksi mbili zikipenyana nyota zao hazigongani. Ikiwa hazigongani, galaksi ndogo inararuliwa na nini? La pili, Mwezi unaizunguka Dunia siku zote na hauanguki. Kwa nini galaksi ndogo isiendelee kuizunguka kubwa vivyo hivyo, badala ya kushuka polepole hadi imezwe? Naomba wenye elimu ya mambo haya wanijibu kwa urefu, kwani nina subira ya kusoma.

Mwalimu wa Fizikia, Malindi

Wa alaykum salaam, Nahodha. Kinachoirarua galaksi ndogo ni kile kile kinachojaza na kupwisha maji mbele ya Shela. Watu husema kwamba maji hujaa kwa kuwa Mwezi unayavuta, wakaishia hapo, lakini maelezo hayo hayatoshi. Mwezi unaivuta Dunia nzima, bara na bahari, na lau ungelivuta kila sehemu kwa nguvu iliyo sawa, maji yasingejaa wala yasingekupwa. Linalojaza na kupwisha maji ni ile tofauti ya mvuto: upande wa Dunia unaoelekea Mwezi huvutwa zaidi ya upande wa pili kwa karibu asilimia 7, kwa sababu Dunia ina kipenyo cha takriban kilomita 12,700 na Mwezi uko umbali wa kilomita 384,000. Tofauti hiyo huinyoosha bahari kwenye mstari mmoja na Mwezi, kwa pande zote mbili, ndiyo maana maji hujaa mara mbili kwa siku na si mara moja.

Sasa weka galaksi ndogo mahali pa Dunia, na Njia Nyeupe mahali pa Mwezi. Galaksi ndogo ina upana wa maelfu ya miakanuru (mwakanuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja), kwa hiyo upande wake wa karibu unavutwa kwa nguvu kuliko kiini chake, na upande wake wa mbali unavutwa kwa udhaifu kuliko kiini. Hakuna mwamba wala kamba inayoishikilia. Kinachozifunga nyota zake pamoja ni uvutano wao wenyewe tu. Basi kuna mpaka fulani kutoka kiini chake: nyota zilizo ndani ya mpaka huo zinabaki kuwa zake, na zilizo nje huchukuliwa na jirani mkubwa. Mpaka huo si wa kudumu. Umbali ukipungua hadi nusu, uvutano huongezeka mara nne, lakini ile tofauti inayonyoosha huongezeka mara nane. Kwa hiyo madhara makubwa hutokea pale galaksi ndogo, ikiwa katika mzingo wake mrefu wenye umbo la yai, inapopita karibu kabisa na kubwa. Inapoteza tabaka la nje, inabaki nyepesi zaidi, uwezo wake wa kuzishika nyota zilizosalia unapungua, na mpaka unasogea ndani kabla ya mpito unaofuata. Kila mpito huurahisishia kazi mpito utakaokuja baada yake.

Nyota zinazotoka hazitawanyiki ovyo. Hutokea kwenye milango miwili, mmoja ulio upande wa galaksi kubwa na mwingine ulio upande wa nyuma. Zilizotoka kwa mlango wa ndani zinapata mzingo mfupi zaidi, kwa hiyo zinatangulia. Zilizotoka kwa mlango wa nje zinapata mzingo mrefu, kwa hiyo zinachelewa. Baada ya muda galaksi ndogo inakuwa na mikia miwili, mmoja mbele na mmoja nyuma. Katika haya yote hakuna nyota iliyogongwa. Nyota iliyo karibu zaidi na Jua letu iko umbali wa miakanuru 4.2, nao ni kama mara milioni 29 ya kipenyo cha Jua, hivyo nafasi ya kupitana ni kubwa mno.

Gesi ndiyo inayogongana kwelikweli, na hapo sisi watu wa Malindi tuna fungu letu katika historia. Tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti ya Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, lililo baharini karibu na Ngomeni, nayo ilikuwa setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahususi kwa ajili ya kuchunguza eksirei za angani. Vipimo vyake vilionyesha kwamba makundi makubwa ya galaksi hutoa eksirei, na sasa tunajua kwamba chanzo chake ni gesi yenye joto la mamilioni ya nyuzi iliyojaa katika nafasi iliyo kati ya galaksi hizo. Galaksi ikipita ndani ya gesi hiyo kwa kasi, gesi yake baridi husukumwa nje na kuachwa nyuma, ilhali nyota zake hupita bila kuguswa. Galaksi ndogo zinazoikaribia Njia Nyeupe hupatwa na jambo hilo hilo kwa kiasi kidogo, ndiyo sababu nyingi kati ya zilizo karibu nasi hazina gesi na zimeacha kuzaa nyota mpya.

Kuhusu swali la pili, tofauti iliyopo kati ya Mwezi na galaksi ndogo ni kile kinachopitiwa njiani. Mwezi unapita mahali patupu, na kwa kweli unatuacha kwa karibu sentimita 3.8 kila mwaka. Galaksi ndogo haipiti mahali patupu. Diski ya Njia Nyeupe tunayoiona ina upana wa takriban miakanuru 100,000, lakini imezungukwa na mata ya giza, yaani mata isiyotoa nuru, ambayo inaenea mbali sana kupita diski hiyo. Galaksi ndogo inapopita humo inaivutia mata hiyo kwake, lakini mpaka mata ikusanyike, yenyewe imeshasonga mbele. Kwa hiyo lundo linafanyika nyuma yake na kuirudisha nyuma kwa uvutano. Mwanafizikia Subrahmanyan Chandrasekhar aliyaeleza hayo kwa hesabu mwaka 1943. Jambo la kuzingatia ni kwamba galaksi iliyo nzito hufanya lundo kubwa zaidi nyuma yake, kwa hiyo ndiyo inayozama upesi, na zile nyepesi zinaweza kuzunguka kwa mabilioni ya miaka bila kushuka sana.

Mwana wa Mkomani

Shukrani, Mwalimu. Nilivyofahamu ni kama punda anayebeba mchanga kutoka gatini kwa gunia lililotoboka: ukiifuata alama ya mchanga utajua njia aliyopita. Hata hivyo nina shaka moja, na sisemi kwa ubishi. Mambo haya huchukua mamilioni na mabilioni ya miaka, na hakuna mwanadamu aliyekaa akaiona galaksi ikiraruliwa kutoka mwanzo hadi mwisho. Je, tunajuaje kwamba mikia hiyo imetokana na galaksi ndogo, na si nyota zilizozaliwa huko huko zilipo?

Binti Langoni

Kaka, mfano wa punda unafaa nusu. Mchanga ukianguka unatulia pale pale, lakini nyota iliyotoka katika galaksi yake haitulii. Inaendelea na mzingo wake karibu sawa na ule wa galaksi iliyoitoka, kwa kasi iliyo karibu sawa. Hilo ndilo jibu la shaka yako. Nyota zilizozaliwa mahali mbalimbali haziwezi kukubaliana kwa nafasi, kwa mwendo na kwa kemia, yote matatu kwa pamoja, isipokuwa kama zina asili moja.

Mfano mzuri kuliko wote uligunduliwa bila kutafutwa. Rodrigo Ibata, Gerard Gilmore na Mike Irwin walikuwa wakipima mwendo wa nyota zilizo upande wa kitovu cha Njia Nyeupe, na katika vipimo vyao likajitokeza kundi la nyota ambazo hazikwenda kama wenzake: zote zilikuwa na kasi inayokaribiana, na zote zilikuwa mbali zaidi, ng'ambo ya kitovu. Mwaka 1994 walitangaza kwamba hiyo ni galaksi ndogo, tunayoiita Galaksi Kibete ya Kausi kwa sababu iko upande wa kundinyota la Kausi. Iko umbali wa takriban miakanuru 80,000, na ilichelewa kujulikana kwa kuwa nyota na vumbi la galaksi yetu vimeikinga. Ajabu ni kwamba sehemu yake moja ilikuwa ikitazamwa kwa karne mbili: fungu la nyota lenye umbo la tufe ambalo mwanaastronomia Charles Messier alilikuta mwaka 1778, na ambalo ni la 54 katika orodha yake, limo katika kiini cha galaksi hiyo. Muda wote huo lilihesabiwa kuwa mali ya Njia Nyeupe.

Baada ya hapo mikia yake ilifuatiliwa, na kufikia mwaka 2003 ilikuwa imechorwa ikizunguka anga lote. Kwa maneno mengine, galaksi hiyo imenyooshwa hadi imeifunga Njia Nyeupe kama mshipi, na kilichosalia katika kiini chake ni kidogo kikilinganishwa na kilichokwisha kutoka. Mata yake ya giza ilitangulia kuondoka kabla ya nyota, kwa sababu ndiyo iliyokuwa imetanda mbali zaidi na kiini; kwa hiyo galaksi inaweza kuwa imeshapoteza sehemu kubwa ya uzito wake kabla ya nyota zake za kwanza kuondoka.

Kuhusu kemia, galaksi ndogo huzaa nyota polepole. Magnesi hutoka hasa kwa nyota kubwa zinazolipuka mapema, ilhali sehemu kubwa ya chuma hutoka kwa milipuko ya aina nyingine inayochelewa. Katika galaksi inayozaa nyota polepole, chuma hicho cha baadaye hupata muda wa kuchanganyika kabla metali nyingine hazijawa nyingi, kwa hiyo nyota zake zina magnesi kidogo kwa kulinganisha na chuma. Alama hiyo haifutiki nyota ikihama. Mwaka 2018, kwa kutumia vipimo vya chombo cha Gaia kilichorushwa mwaka 2013 na kupima nafasi za karibu nyota bilioni 2, timu mbili, mojawapo ikiongozwa na Amina Helmi, zilionyesha kwamba nyota nyingi zilizo pembezoni mwa galaksi yetu zilitoka katika galaksi moja iliyomezwa takriban miaka bilioni 10 iliyopita. Haina tena umbo angani. Ukitazama juu huwezi kuonyesha kwa kidole mahali ilipo. Nyota zake zimechanganyika na zetu, na zinatambulikana kwa kemia yao na kwa mwendo wao wa ajabu, kwani huenda moja kwa moja kuelekea kitovu na kurudi, badala ya kuzunguka kwa utaratibu kama Jua letu.

Umesema pia kwamba hakuna aliyeshuhudia. Kweli, lakini kuna waliojaribu kulitenda jambo hilo chumbani. Mwaka 1941, kabla kompyuta hazijaweza kazi hiyo, Erik Holmberg wa Sweden alipanga taa 37 kuwa galaksi moja na taa 37 nyingine kuwa galaksi ya pili. Mwanga hupungua kadiri ya mraba wa umbali, kama uvutano unavyopungua, kwa hiyo alipima mwanga unaofika mahali pa kila taa, akahesabu mvuto, akazisogeza taa zote kidogo, akapima tena. Galaksi zake za taa zilinyooka zilipopitana. Ndugu wawili, Alar na Jüri Toomre, waliirudia kazi ya namna hiyo kwa kompyuta mwaka 1972, wakapata mikia na madaraja yanayofanana na yale yanayoonekana katika picha za galaksi halisi. Binafsi naiheshimu zaidi kazi ya taa, kwa uvumilivu wake.

Nahodha wa Shela

Mwalimu, na wewe binti yangu, Mungu awazidishie elimu. Swali la kwanza limekwisha kabisa. Lakini hamkunigusia mabaka yangu mawili. Je, yamefikia hatua gani katika kumezwa? Na kama galaksi iliyo nzito huzama upesi, hilo kubwa kati ya mawili litafika lini?

Binti Langoni

Nahodha, kwa heshima, mgeni wako alitangulia mambo. Wingu Kubwa la Magellan liko umbali wa takriban miakanuru 160,000 na Wingu Dogo takriban 200,000, na kwa muda mrefu wanasayansi walidhani kwamba yametuzunguka mara nyingi. Vipimo vya darubini ya Hubble vilivyotolewa mwaka 2006 viliyumbisha dhana hiyo, kwa kuwa vilionyesha kwamba Wingu Kubwa linakwenda kwa kasi ya zaidi ya kilomita 300 kwa sekunde. Kasi hiyo ni kubwa mno kwa kitu kilichozunguka hapa tangu zamani, na wengi sasa wanaona kwamba mawingu hayo ndiyo kwanza yanafika. Ndiyo maana Wingu Kubwa bado lina gesi na bado linazaa nyota kwa wingi.

Kuraruliwa kupo, ila mraruaji wa sasa si Njia Nyeupe hasa. Wingu Kubwa linalirarua Wingu Dogo. Kati yao kuna daraja la gesi na nyota, na nyuma yao kuna mkondo wa gesi ya hidrojeni ulionyooka kwa zaidi ya nyuzi 100 za anga, ambao darubini za redio ziliuchora katika miaka ya 1970. Macho hayauoni. Wingu Kubwa pia limekuja na wafuasi wake, galaksi hafifu kadhaa ambazo zilikuwa zake kabla hazijawa zetu.

Mwalimu wa Fizikia, Malindi

Niongeze kidogo kwa hilo la uzito. Wingu Kubwa linakadiriwa kuwa na uzito wa sehemu moja ya kumi ya Njia Nyeupe, na pengine zaidi, kwa hiyo si haki kulieleza kama kitu kinachovutwa tu. Lenyewe linaivuta galaksi yetu, na imepimwa kwamba diski tunamoishi imesogezwa kuelekea upande lilikopita Wingu hilo, ikiziacha nyuma nyota za pembezoni kabisa. Hata mkondo wa nyota wa Kausi umepindishwa na mvuto huo, na anayetaka kuuiga kwenye kompyuta bila kuliweka Wingu Kubwa katika hesabu hapati umbo lililo sahihi.

Kuhusu muda, hesabu iliyochapishwa mwaka 2019 ilikadiria kwamba Wingu Kubwa litaungana na Njia Nyeupe baada ya takriban miaka bilioni 2.4. Tarakimu hiyo ichukuliwe kwa tahadhari, kwa sababu inategemea uzito, na uzito huo unaendelea kusahihishwa. Mfano wa kutahadharisha ni galaksi kubwa ya Andromeda, iliyo umbali wa miakanuru milioni 2.5: kwa miaka mingi tuliwafundisha wanafunzi kwamba itagongana na yetu baada ya miaka bilioni 4 au 5 bila shaka, lakini hesabu mpya za mwaka 2025, ambazo zimeingiza mvuto wa Wingu Kubwa, zinaona kwamba uwezekano wa kuungana ndani ya miaka bilioni 10 ijayo ni kama nusu kwa nusu.

Mwana wa Mkomani

Nimeridhika na ushahidi, Bi. Langoni. Nauliza moja la mwisho: kipo chochote kilichokwisha kumezwa ambacho mtu wa Lamu anaweza kukiona kwa macho yake, bila darubini kubwa?

Binti Langoni

Kipo, na ni rahisi kukipata kuliko unavyodhani. Mwezi wa Mei na Juni, kama saa tatu za usiku, itafute Salibu, lile kundinyota lenye umbo la msalaba, upande wa kusini. Kisha panda juu yake kuelekea kushoto, hadi katikati ya upeo na utosi, utaona kama nyota iliyofifia ambayo ukiikazia macho haina ncha. Hiyo ni Omega Centauri, iliyo umbali wa takriban miakanuru 17,000, nayo ina nyota zipatazo milioni 10. Huhesabiwa kuwa fungu la nyota, lakini nyota zake hazikuzaliwa kwa wakati mmoja wala hazina kemia moja kama ilivyo katika mafungu ya kawaida, na kwa sababu hiyo wataalamu wengi wanaamini kwamba ni kiini cha galaksi ndogo iliyovuliwa kila kitu kilichokuwa nje yake. Mwaka 2024 dhana hiyo ilipata nguvu zaidi: picha za Hubble za miaka zaidi ya 20 zilionyesha nyota saba karibu na kitovu chake zinazokwenda kwa kasi kubwa mno, kiasi kwamba zingekwisha kutoroka kama hazishikwi na shimo jeusi (kitu chenye uvutano ambao hata nuru haiwezi kuutoroka) lenye uzito usiopungua mara 8,200 ya uzito wa Jua. Shimo jeusi la namna hiyo linatarajiwa katika kiini cha galaksi kuliko katika fungu la nyota la kawaida.

Tatizo ni kwamba miezi hiyo kwetu ni ya mvua na kusi, kwa hiyo usiku wa anga safi ni wa kuvizia. Anayeweza kuamka kabla ya alfajiri aitafute mwezi wa Februari, wakati kaskazi bado imeliweka anga wazi, na darubini ndogo ya mkono, kama ile wanayotumia manahodha, itamwonyesha wazi kwamba si nyota moja.